Maswali ya Wasomaji: Gari la Kazi la Mtengeneza Bustani Liwe la Ukubwa Gani?

Barua nyingi zilizotufikia kutoka kwa wanaotengeneza na kutunza bustani zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: ninunue veni ya ukubwa gani? Wengi huamua kwa macho. Hufungua mlango wa nyuma, wakaona kila kitu kitaingia, wakalipa. Tunawasihi waanze na uzito, wafuatishe urefu wa sakafu, na nafasi ya ndani waiangalie mwisho. Tumechagua barua sita.

SWALI: Tuko watatu. Tunakata nyasi, tunapogoa ua na kupanda maua. Tuna mashine mbili za kusukuma za kukatia nyasi, mbili za kufyekea, moja ya kupulizia majani, moja ya kupogolea, toroli mbili na ngazi. Muuzaji ananishawishi nichukue gari kubwa lenye paa refu, anasema "halitajaa kamwe". Nimsikilize?

JIBU: Kuhusu nafasi anasema kweli. Kuhusu uzito hajakwambia lolote, na kazi ya bustani humaliza uzito kabla ya kumaliza nafasi.

Tafuta kibati cha mtengenezaji, ambacho mara nyingi kiko kwenye nguzo ya mlango wa mbele au chini ya boneti. Kinaonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, yaani gari, watu, mafuta na mizigo vyote kwa pamoja. Toa hapo uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kubeba. Neno "tupu" nalo lina mtego. Watengenezaji wengine humhesabu humo dereva wa kilo 75 na tangi karibu kujaa mafuta, wengine hawamhesabu. Njia ya uhakika ni kulipitisha gari kwenye mizani likiwa na tangi limejaa na bila mtu ndani.

Tuchukue gari la wastani lenye uzito wa juu wa kilo 2,800 na uzito mtupu wa 1,850. Linabeba kilo 950, na kwa kusikia ni nyingi. Sasa panda ninyi watatu kwa kilo 80 kila mmoja: 240. Rafu, ukuta wa kutenganisha kabini na mizigo, na keria ya juu: 110. Mashine mbili za kusukuma zina kilo 35 kila moja, hivyo 70. Za kufyekea 16, ya kupulizia 10, ya kupogolea 6, toroli mbili 30, ngazi 12. Majembe, koleo, reki, uma za bustani na mikasi 40, sanduku la spana 25, petroli lita 20 ni kilo 15, na maji ya kunywa lita 20. Vifaa pekee vimefika 244. Jumla ni 594, na umebakiwa na kilo 356 kabla hujapakia hata mche mmoja.

Kilo 356 ni mifuko saba ya saruji ya kilo 50, basi. Kwa udongo wenye unyevu, ambao mita moja ya ujazo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, ni chini ya robo ya mita ya ujazo, sawa na toroli nne za lita 60. Mchanga uliolowa ni mzito zaidi, karibu tani 2 kwa mita ya ujazo. Vipande vya nyasi za kupanda vina kilo 15 hadi 20 kwa kila mita ya mraba, na vikilowa huongezeka. Bustani ya mita za mraba 40 kwa hiyo inataka kilo 600 hadi 800 za nyasi peke yake. Bamba moja la zege la kutembelea, la sentimita 60 kwa 60 lenye unene wa 5, lina kilo 42 au 43. Manane yanakufikisha ukingoni. Vitu hivyo vyote ukivitandaza ndani ya gari kubwa havifiki hata gotini. Hapo ndipo watu hukosea: macho yanaona nafasi, ekseli inahisi tani.

Gari kubwa lenye paa refu halikuokoi sana. Katika nchi nyingi leseni ya gari dogo inaishia kwenye uzito wa juu wa kilo 3,500, na ndiyo sababu watengenezaji huyafikisha magari haya hapo na kusimama. Kila bati la ziada la kurefusha bodi na kuinua paa linakatwa kwenye mzigo wako. Katika familia moja ya gari, yenye kibati kilekile cha 3,500, lile fupi linaweza kubeba kilo nyingi kuliko lile refu. Linganisha namba za gari lenyewe unalotaka kununua. Namba za ndugu yake hazitakusaidia.

Kwa watu watatu wenye vifaa ulivyotaja, tungechukua gari la ukubwa wa kati: viti vitatu mbele, sakafu ya mizigo ya mita 2.5 hadi 3, na uwezo wa kubeba tani moja au zaidi kidogo. Ili upate picha, Toyota HiAce ya kizazi kilichoanza mwaka 2004 ina urefu wa nje wa mita 4.7 hivi na upana wa mita 1.7, ile ndefu na pana ni mita 5.38 kwa 1.88. Kazi kama yako inakaa kati ya hizo mbili. Udongo, mchanga, kokoto na mabamba mwachie anayeviuza avilete mwenyewe hadi kwenye kazi kwa lori la kumwaga. Ukinunua gari la kubebea kokoto ya mara moja kwa mwezi, utaendesha gari hilo kubwa siku zote zilizobaki.

Kabla ya kulipa, fanya mambo mawili. Kwa wiki mbili andika kila jioni ulichobeba siku hiyo na kwa makadirio ya kilo ngapi, kisha uchague gari litakalotosha siku nane kati ya kumi. Halafu chora kwa chaki, mahali tambarare, umbo la sakafu ya gari unalolitaka, pamoja na matao ya magurudumu yanayoingia ndani. Panga vifaa vyako vyote humo na uache njia ya sentimita 50 ya kupita. Kama kuchukua reki kunakulazimu kutoa mashine mbili kwanza, gari hilo litakula muda wako kila kituo. Mtu mwenye vituo sita kwa siku anayepoteza dakika tano kila kituo amepoteza nusu saa, na kwa wiki ya siku sita ni saa tatu.

SWALI: Nataka kununua mashine ya kukatia nyasi ya kukalia, yenye upana wa kukata wa inchi 42. Itaingia kwenye gari la kati?

JIBU: Inchi 42 ni sentimita 107, lakini huo ni upana wa eneo linalokatwa. Mashine inayotema nyasi pembeni ina mdomo uliochomoza, na pamoja na mdomo huo upana unaweza kufika mita 1.3. Mdomo mwingi hukunjika kwenda juu, nawe pima ukiwa umekunjwa. Kisha pima vitu vitatu kwenye gari: upana wa tundu la mlango, upana kati ya matao ya magurudumu, na urefu wa tundu la mlango kutoka sakafuni. Kati ya upana wa mlango na ule wa kati ya matao, chukua ulio mdogo na utoe sentimita 5 kila upande kwa ajili ya mikono yako na makosa ya usukani. Mashine zenye upinde wa kumkinga dereva zinabinuka wanaposahau kuukunja upinde huo mlangoni, kwa hiyo urefu usiudharau.

Mashine ya bustani ya namna hiyo ina urefu wa karibu mita 1.8 na uzito wa kilo 180 hadi 250. Katika sakafu ya mita 2.5 imekuachia sentimita 70. Hapo ndipo gari la kati linaanza kuwa dogo, na sakafu ya mita 3 au zaidi inaanza kuwa na maana. Zile mashine za kazi nzito zinazozunguka papo hapo, zenye kilo 400 na kuendelea, tunashauri zipande tela.

Ngazi za kupandishia, yaani zile bapa mbili ambazo mashine hupitia kuingia garini, zinastahili uangalifu kuliko gari lenyewe. Sakafu ikiwa na kimo cha sentimita 65, ngazi ya mita 2.5 inakupa mwinamo wa nyuzi 15, unaotosha. Ngazi ya mita 2 inakupa nyuzi 19, na mashine inaanza kutaka kuinua pua. Gari la kuvuta kwa magurudumu ya mbele huwa na sakafu iliyo chini zaidi, jambo linalosaidia hapa. Weka magurudumu ya nyuma ya gari kwenye kibonde ukipata, mwinamo upungue.

Ajali ya kawaida ni hii: magurudumu ya mashine yanayosukuma yanaisukuma ngazi nyuma, ngazi inachomoka kwenye ukingo wa gari, mashine inaangukia mtu. Dawa ni kuifunga kila ngazi kwa mnyororo au mkanda kwenye chuma cha gari kabla tairi halijaigusa. Tatizo la pili ni tumbo. Mashine ikifika juu, kisanduku cha visu kinagonga pembe ya sakafu na ngazi, mashine inaning'inia. Inua visu hadi mwisho kabla ya kupanda, na kama bado vinagonga nunua ngazi zilizopinda kama upinde. Uwezo wa ngazi usomwe kwa mashine pamoja na mtu, hata kama unakusudia kuipandisha bila kuikalia. Ikishaingia, shusha visu viguse sakafu, weka breki, funga koki ya mafuta, na uifunge kwa mikanda minne inayovuta kuelekea pembe nne.

SWALI: Je, si afadhali gari dogo na tela kuliko gari moja kubwa?

JIBU: Kwa wengi, ndiyo, hasa wanaobeba takataka za bustani. Majani na matawi huchafua vifaa, hunyonya petroli iliyomwagika na huoza. Kuyaweka nje ya gari ni faida ambayo haionekani kwenye hesabu ya kilo. Yana wingi kuliko uzito, hivyo tela lenye kuta ndefu za wavu na turubai juu linayabeba vizuri.

Soma kwanza uzito ambao gari linaruhusiwa kuvuta. Magari mengi ya kiwango hiki yanavuta hadi kilo 750 tela likiwa halina breki zake, na zaidi ya hapo likiwa nazo. Soma pia uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja: mara nyingi huwezi kujaza vyote viwili. Asilimia 10 hivi ya uzito wa tela ikae kwenye ndoano ya gari, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa kwenye ndoano hiyo. Tela lililopakiwa nyuma huinua ndoano na huanza kuyumba kushoto na kulia kadiri mwendo unavyoongezeka. Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta na ushike usukani ukiwa umenyooka. Usijaribu kulifuata kwa usukani.

Kama wateja wako wengi wana mageti membamba na barabara za kurudi kinyumenyume, tela litakuchosha.

SWALI: Nimepima gari langu mzigoni, jumla haizidi kibati. Mbona mkia umelala, usukani ni mwepesi na taa zinamulika juu? Nyuma kabisa nimefunga tangi la maji la lita 500 la kumwagilia.

JIBU: Tangi hilo ndilo. Kibati kina namba zaidi ya moja: mbali na uzito wa jumla kuna kikomo cha ekseli ya mbele na cha ekseli ya nyuma. Jumla inaweza kuwa halali huku ekseli ya nyuma imezidiwa.

Hesabu yake ni ya mizani ya mti. Tuseme umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3, na tangi limekaa nusu mita nyuma ya ekseli ya nyuma. Maji ni kilo 500, tangi na pampu tuweke 40. Ekseli ya nyuma haibebi 540. Inabeba 540 mara 3.5 (umbali wa tangi kutoka ekseli ya mbele), ukigawanya kwa 3, yaani kilo 630. Hizo 90 za ziada zimenyakuliwa kutoka mbele. Usukani umekuwa mwepesi kwa sababu tairi za mbele zimeinuliwa, na breki za mbele, ambazo ndizo zinazofanya kazi kubwa zaidi, zimepungukiwa na mshiko. Ukiwa na gari la kuvuta kwa mbele, ndiyo hilohilo linalokwama kwenye nyasi zilizolowa ukipanda kilima.

Lisogeze tangi mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na ukuta wa kabini kadiri inavyowezekana, kisha upime kila ekseli peke yake: pandisha magurudumu ya mbele tu kwenye mizani, halafu ya nyuma tu. Ukikuta ekseli ya nyuma bado imezidi, punguza maji.

Usidanganywe na springi za kuongeza. Zinainua mkia, gari linaonekana limesimama vizuri, lakini breki, beringi, rimu na kikomo kwenye kibati ni vilevile. Tazama na tairi: ubavuni kuna namba ya mzigo. 104 ni kilo 900 kwa tairi moja, 109 ni kilo 1,030, na 112 ni kilo 1,120, tairi likiwa na upepo unaotakiwa na likipimwa la baridi. Tairi za gari la abiria zilizofungwa kwenye gari la mizigo kwa kuwa "zinaingia" ni hatari ya kweli, na tunaomba kila msomaji akaangalie zake leo.

Jambo la mwisho kuhusu maji: tangi lenye nusu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu maji hukimbia mbele unapofunga breki na pembeni unapokata kona. Nunua lenye kuta za kukata mawimbi ndani, au safiri likiwa limejaa au tupu.

SWALI: Kabini inanuka petroli kila asubuhi. Ni gari dogo lisilo na ukuta katikati.

JIBU: Weka ukuta, hata kama utakula sentimita tano za sakafu na kilo ishirini na kitu. Huo ndio pia unaozuia toroli lisikufikie kisogoni ukigonga. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukaa chini; matundu ya hewa yawe karibu na sakafu upande wa mizigo, na mengine juu ili hewa izunguke. Mashine ipoe kabla ya kupakiwa, kifuniko chake kikazwe, na madumu yawe ya petroli hasa, yamesimama na kufungwa. Usijaze dumu likiwa ndani ya gari: liweke ardhini, kwa sababu umeme tuli unaojikusanya dumu likikaa juu ya plastiki au zulia unaweza kuwasha mvuke.

SWALI: Paa refu au la kawaida? Na gari lililotumika nilikague wapi kwanza?

JIBU: La kawaida, isipokuwa una sababu. Gari la paa la kawaida huwa chini ya mita 2 au kuzidi kidogo, la paa refu hufika mita 2.5 hadi 2.8, na fundi bustani hupita chini ya matawi na vizuizi vya kuegeshea kila siku. Sababu nzuri ya paa refu ni miti inayosafirishwa ikiwa imesimama. Ndani ya bodi iliyofungwa upepo hauchani majani, lakini bodi hiyohiyo ikiachwa juani milango imefungwa inaipika miche. Hiyo ishushwe kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Milango ya nyuma tunapendelea ile ya kufunguka pembeni, kwa ajili ya ngazi na tela. Mlango unaoinuka juu hutoa kivuli, lakini unataka nafasi nyuma na hugonga vitu virefu kwenye tela.

Katika gari lililotumika, ng'oa zulia au mbao za sakafu. Mbolea za chumvichumvi na majani mabichi hula bati kutoka ndani, hasa kuzunguka matao ya magurudumu na ringi za kufungia mizigo. Vuta kila ringi kwa nguvu. Lala chini utazame springi za nyuma: jani la springi (bapa lake moja) lililovunjika, au raba za kuzuia mshtuko zilizopondeka, ni dalili ya gari lililokuwa likizidishwa uzito miaka yote. Tairi za nyuma zilizolika bila mpangilio zinasema hivyohivyo. Fungua mlango wa pembeni mara kumi mfululizo. Reli yake ya chini ikiwa imekwisha, utapigana nayo kila kituo. Na uende na futi ya kupimia, na mashine yako kubwa kuliko zote. Muuzaji akikataa usiipandishe kujaribu, tafuta gari kwingine.